Maswali yenu: Mastodon na wenzake, naanzia wapi?

Toleo lililopita tuligusia mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja tukasema mwenye swali alete, na kweli mmeleta, mengine marefu mpaka ikabidi tuyafupishe. Nimechukua yale yaliyojirudia rudia. Majina nimeyaacha, miji nimeiweka.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji. Tulikuwa na grupu letu kwenye mtandao mmoja mkubwa, watu maelfu, toka Singida mpaka Songea huko, tunashauriana magonjwa, chanjo, bei ya vifaranga. Siku moja akaunti ya admini ikaibiwa, wezi wakaanza kuposti matangazo ya mikopo, mtandao ukafunga grupu zima. Tumeandika kuomba mpaka tumechoka, hajajibu mtu. Mwanangu anasema tuhamie Mastodon. Ni kitu gani hicho na ni kweli hakiwezi kufungwa? (Mfugaji, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na poleni sana. Kilichoniuma kwenye barua yako ni yale yaliyokuwa ndani ya hilo grupu, maana mtu kaandika miaka na miaka jinsi alivyookoa banda lake na kideri, ratiba ya chanjo ya kila miezi mitatu, picha za kinyesi kabisa ili mwenzake alinganishe na cha kwake, alafu vyote vinaondoka kwa siku moja na hamna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Hilo ndo tatizo hii mitandao mipya inajaribu kulitibu, na imelitibu nusu. Ngoja nikwambie nusu ipi.

Chukulia laini za simu. We una Voda, shemeji yako ana Halotel, mnapigiana vizuri tu wala hamna anayemlazimisha mwenzie ahamie kwake. Sasa mitandao ya kijamii tuliyoizoea haiko hivyo, ukiwa Facebook huwezi kumfolo mtu aliyeko X (ndo iliyokuwa Twitter), kila mmoja kajifungia wateja wake. Mastodon imekuja na utaratibu kama wa laini. Aliyeianzisha ni Mjerumani anaitwa Eugen Rochko, mwaka 2016, na alichotoa ni programu ya bure ambayo mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayokaa hewani muda wote, akaandikisha watu wake, na seva yake ikaongea na seva za wengine wote. Lugha wanayoongea hizo seva ni itifaki inaitwa ActivityPub, na W3C, wale wanaopanga viwango vya wavuti duniani, waliipitisha rasmi Januari 2018. Kwahiyo anwani yako inakuwa na vipande viwili, jina lako na seva uliyopo, mfano @mfugaji@mastodon.social, na unaweza ukawa kwenye seva iliyoko Ujerumani ukamfolo mtu aliyeko kwenye seva ya Japani mkajibizana kama mko sehemu moja. Hizo seva zote kwa pamoja, na programu nyingine zinazotumia itifaki hiyo hiyo, watu wanaziita Fediverse.

Sasa swali lako la kufungwa. Fediverse nzima hawezi mtu mmoja kuifunga, maana haina kitufe kimoja. Ila seva uliyopo wewe inaweza kufungwa vizuri tu, na hapa ndo watu wengi wanadanganywa. Kila seva ina mwenyewe, na mara nyingi ni mtu mmoja au wawili wanaolipa gharama mfukoni na kwa michango. Kulikuwa na seva inaitwa mastodon.lol, Februari 2023 mwenyewe akatangaza kwamba amechoka na ugomvi anafunga, akawapa watu miezi 3 wahame. Hao walikuwa na bahati. Februari 2024 seva nyingine iliyokuwa inatumia anwani inayoishia na .af ikapoteza anwani yake, kwasababu .af ni ya Afghanistan na mamlaka za Taliban zikaizima.

Ndomana mi naona kabla hujauliza apu gani ni nzuri, uliza seva ni ya nani. Nenda joinmastodon.org, pale kuna orodha ya seva, na seva haiwekwi kwenye hiyo orodha mpaka ikubali masharti fulani: isimamie ubaguzi na matusi kwa vitendo, ihifadhi nakala za data kila siku, awepo angalau mtu mwingine mmoja mwenye funguo za dharura ukiacha mwenyewe, na ikitaka kufunga itoe taarifa miezi 3 kabla. Soma masharti hayo alafu fungua ukurasa wa "kuhusu" wa seva yenyewe uangalie ni nani anaisimamia, amekuwepo muda gani, pesa anapata wapi, sheria zake zimeandikwa zikaeleweka au ni mistari miwili tu. Kama ukurasa hausemi chochote kuhusu mwenyewe, pita.

Alafu kuna hili la kuhama. Kwenye Mastodon unaweza kufungua akaunti seva nyingine, ukaiambia akaunti mpya kwamba ya zamani ni yako, ukarudi kwenye ya zamani ukabonyeza kuhamisha, na wafuasi wako wanakufuata wenyewe. Inafanana na kuhama mtandao wa simu na namba yako lakini haifiki hapo, maana anwani inabadilika na posti zako za zamani hazihami, zinabaki kule. Na lingine kubwa, ili uhame lazima seva ya zamani iwe bado inafanya kazi. Ikifa ghafla usiku huna cha kubonyeza. Kwahiyo kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupakua data zako, pakua orodha ya unaowafuata, na kila siku 7 unaruhusiwa kuomba kifurushi cha posti zako zote. Fanya hivyo mara kwa mara, weka kwenye flashi, mpe na mwanao.

Lakini mzee wangu kwa grupu lenu sikushauri muhamie Mastodon wote, nakwambia ukweli wangu. Nusu ya wafugaji wako wana bando la WhatsApp tu na wengine wana kitochi, ukiwaambia wafungue akaunti mpya kwenye kitu cha kizungu utawapoteza. Endeleeni kuongea WhatsApp, ila ule ujuzi uandikeni mahali penu. Fungueni tovuti ndogo ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwa jina lenu wenyewe, mmoja awe anakusanya yale majibu mazuri ya kila wiki anayaweka pale, na WordPress ina programu-jalizi, kiprogramu cha kuiongezea uwezo, inaitwa ActivityPub, ukiiwasha tovuti yenu inakuwa na anwani kwenye Fediverse na mtu wa Mastodon anaweza kuifolo na kukomenti. Hata siku WhatsApp ikiwafanyia vituko, chanjo ya kideri inabaki imeandikwa. Na maadmini wawe zaidi ya mmoja, kila mmoja awashe uthibitisho wa hatua mbili, maana kilichowaponza mwanzo kilikuwa neno la siri la mtu mmoja, na huo wizi unaweza kuwapata hata Mastodon.

SWALI: Shikamoo dada. Niko chuo Iringa, nimejiunga Mastodon kwasababu nilichoka na matusi kule kwingine. Ila dada huku hakuna mtu! Nimekaa toka asubuhi naangalia skrini nyeupe, nimeposti picha ya Isimila hamna hata laiki moja. Nimekosea nini? (Mwanachuo, Iringa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujakosea kitu, hivi ndivyo inavyoanza kwa kila mtu na wengi wanaondoka hapo hapo. Mwisho wa 2022 baada ya Elon Musk kununua Twitter kwa dola bilioni 44, watumiaji hai wa Mastodon walipanda ndani ya muda mfupi toka kama laki 3 mpaka milioni 2 na nusu, alafu wengi wakarudi walikotoka, na nadhani kwa baadhi yao sababu ilikuwa hiyo hiyo yako, kimya.

Kimya kinatokana na vitu viwili na ukivielewa utakuwa na amani. Cha kwanza, hakuna algorithimu inayokuchagulia. Kule ulikozoea ukifungua tu unajaziwa ugomvi wa watu usiowajua kwasababu ugomvi unakufanya usitoke. Huku ukurasa wako unaonyesha wale uliowafolo wewe, kwa mpangilio wa muda, basi. Kama umefolo watu wanne na wamelala, skrini ni nyeupe. Cha pili hakisemwi sana: seva yako haijui kila kitu kinachotokea Fediverse nzima. Inapokea hasa posti za watu ambao angalau mtu mmoja wa seva yenu anawafolo. Ukiwa kwenye seva ndogo ya watu hamsini na hakuna Mswahili mwingine humo, ukitafuta #Tanzania utaona posti chache hata kama zipo nyingi kwingineko. Ndo maana ukifungua wasifu wa mtu mpya unaona kama hajawahi kuandika chochote, kumbe anaandika kila siku, bonyeza ufungue ukurasa wake kwenye seva yake ya asili utaziona. Ukimfolo, kuanzia hapo zitakuwa zinakuja na wenzako wa seva hiyo nao watazipata. Yaani kila unayemfolo unaijaza seva nzima.

Sasa fanya hivi. Andika posti ya kujitambulisha, weka #introduction maana ndo wanayoitumia wote, ongeza #Kiswahili, #Tanzania na vitu unavyopenda, historia ya kale, mpira, mapishi, chochote. Hashtagi huku ni kitu cha maana sana, bila hiyo posti yako ni ngumu kuonekana na mtu asiyekujua, ile ya Isimila bila hashtagi ilikuwa inaonekana hasa na wafuasi wako na huna wafuasi. Unaweza pia kuifolo hashtagi yenyewe kama unavyomfolo mtu, ifolo #Kiswahili, #archaeology, ukurasa utaanza kuchangamka bila hata kujua watu. Alafu laiki ya huku, ile nyota, inamfurahisha mwenye posti lakini haimsukumi mbali. Kinachosambaza ni kuboosti, yaani kuirusha posti ya mwenzako ili wafuasi wako nao waione. Ukiona kitu kizuri cha Mswahili mwenzako mboosti, usiwe bahili, hiyo ndo algorithimu yetu.

Na tafadhali kwenye kuandika posti kuna kitufe cha lugha, kiweke Kiswahili. Kipo kwenye orodha. Watu wanaacha Kiingereza alafu wanaandika Kiswahili, matokeo yake wanaochuja lugha hawaioni na kitufe cha tafsiri, kwa seva zilizokiwasha, kinashindwa kufanya kazi. Ukiweka picha andika pia maelezo mafupi ya kilichomo, kuna wasioona wanaosikilizia simu inawasomea, na huko ni adabu inayozingatiwa sana, usipoandika baadhi ya watu hawakuboosti kabisa. Ile picha yako andika tu "nguzo za mchanga za Isimila, ndefu kuliko mti, mtu amesimama chini anaonekana mdogo", inatosha.

Jipe wiki kadhaa za kuongea na watu kwenye majibu yao kabla hujahukumu. Ukiingia na kungoja kufuatwa utangoja sana.

SWALI: Bluesky, Threads au Mastodon? Nataka jibu moja sina muda. (Mombasa)

JIBU: Kama marafiki zako wanahabari na watu wa mpira wameshahamia Bluesky, nenda Bluesky. Inafanana na Twitter ya zamani, ilianza kama mradi ndani ya Twitter yenyewe mwaka 2019, ikafunguliwa kwa watu wote Februari 2024 na sasa imepita akaunti milioni 30. Ina vitu vizuri, mfano unaweza kutumia tovuti yako kama jina lako la mtumiaji, na ukihamisha data zako jina linabaki. Ila itifaki yake ni nyingine, AT Protocol, na mpaka leo sehemu kubwa ya mtandao huo inaendeshwa na kampuni moja, kwahiyo kwa swali letu la nani anashika funguo mi bado naiweka nyuma ya Mastodon.

Threads ni ya Meta. Toka 2024 mtumiaji wake anaweza kuwasha mipangilio ili watu wa Mastodon wamfolo, ila asipoiwasha hamwonani, na seva kadhaa za Mastodon zimeibloki Threads nzima.

Na kama ukichagua Mastodon lakini shangazi yako yuko Bluesky, lipo daraja linaitwa Bridgy Fed. Toka Mastodon unaifolo akaunti ya @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, inakutengenezea kivuli chako kule na watu wa Bluesky wanaweza kukufolo. Na shangazi naye ili umuone lazima aifolo ya upande wake.

SWALI: Mambo vipi. X huku Tanzania haifunguki bila VPN toka Mei 2025. Je nikiwa Mastodon serikali haiwezi kunifungia? Na nikiandika kwa jina la bandia niko salama? (Kijana wa Temeke, Dar)

JIBU: Poa kaka. Seva yoyote inaweza kuzuiwa kama tovuti nyingine yoyote, ni kuandika tu anwani yake kwenye orodha ya kuzuia. Tofauti ni kwamba ziko maelfu, ikizuiwa moja wale wa seva nyingine wanaendelea kuongea, na wewe ukihamia nyingine mazungumzo yanaendelea na watu wale wale. Lakini intaneti yenyewe ikikatwa hakuna itifaki itakayokusaidia. Uganda walikaa gizani siku kadhaa kwenye uchaguzi wa Januari 2021, na sisi wenyewe tumeyaona Oktoba 2025.

La pili, sheria inakufuata wewe, haifuati seva. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za hapa kwetu hazijali kama umeandika Facebook au kwenye kiseva cha watu ishirini kilichoko Finland. Hata VPN, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa kwetu, ilitoa tangazo ikitaka wanaozitumia wajisajili, lisome mwenyewe kabla hujaamua. Jina la bandia linaruhusiwa seva nyingi na mi nalitetea kabisa, kuna watu maisha yao yanalitegemea, ila jina la bandia juu ya imeili yenye jina lako kamili na picha ya mtaa wenu kwenye wasifu ni kujidanganya. Admini wa seva anaiona imeili uliyojisajilia na anwani ya IP uliyoingilia, ile namba inayoitambulisha intaneti yako. Ndo tunarudi pale pale, admini ni nani, na yuko nchi gani.

SWALI: Dada, meseji za siri za Mastodon admini anaweza kuzisoma? Kuna mtu ananisumbua huko na nataka kumweleza rafiki yangu. (Kampala)

JIBU: Anaweza. Meseji za faragha za Mastodon hazijafichwa kwa msimbo wa mwanzo hadi mwisho kama WhatsApp au Signal. Mwenye seva yako na mwenye seva ya rafiki yako, wakiamua kuingia kwenye hifadhidata, ghala la data zote za seva, wanaona. Waadilifu hawafanyi, ila uwezo upo. Bluesky nako vile vile, meseji zake hazina ulinzi huo kama tulivyouzoea kwenye Signal.

Na kuna kitu cha hatari zaidi hasa kwa hali yako, nisikilize vizuri mdogo wangu. Mastodon meseji ya faragha ni posti ya kawaida inayoonekana na waliotajwa tu. Kila jina lenye alama ya @ ndani yake linahesabika limetajwa. Sasa we ukimwandikia rafiki yako "yule @fulani ananitumia picha mbaya", na yule fulani anapata hiyo meseji, nzima, kwenye simu yake. Imeshawatokea watu na matokeo yake yalikuwa mabaya. Ukimzungumzia mtu andika jina bila hiyo alama, na hili la kwako lihamishie Signal kabisa au mpigie.

Kwa huyo msumbufu, usiishie kumbloki. Mripoti, na kwenye fomu ya kuripoti kuna kisanduku cha kutuma nakala kwa seva yake, kiache kimetikiwa, ili admini wake naye ajue. Piga picha za skrini kwanza maana akishtuka anafuta. Kitu ninachokipenda Mastodon ni kwamba ripoti yako inasomwa na binadamu mwenye jina, na seva ikionekana inalea wasumbufu, seva nyingine zinaikata nzima. Na wewe mwenyewe unaweza kuibloki seva yote, sio mtu mmoja mmoja, nenda kwenye wasifu wake utaona chaguo la kuzuia kila kitu toka huko. Ukiripoti na admini wako asijibu siku zikapita, hama seva, hujafungwa hapo.

SWALI: Natengeneza video fupi za mapishi ya Kizanzibari na napiga picha. Huko kuna nini changu? (Mjini Magharibi, Zanzibar)

JIBU: Picha ni Pixelfed, inafanana na Instagram na mtu wa Mastodon anaweza kukufolo moja kwa moja. Video ni PeerTube, waliotengeneza ni Framasoft, shirika la Ufaransa lisilo la faida. PeerTube ina ujanja kwamba watazamaji wa video moja kwa wakati mmoja wanagawiana vipande vyake ili seva isielemewe, jambo jema kwa mwenye seva ila kwa mtu wa bando ni kwamba simu yako inaweza kuwa inatuma data wakati unatazama. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima huko kusaidia kusambaza, izime ukiwa kwenye bando, iwashe ukiwa kwenye waifai. Na usiache YouTube kama inakulipa kitu, huku malipo ya matangazo hamna, weka kote kuwili.

SWALI: Sisi ni vijana sita tuna ujuzi wa kompyuta. Tunataka kufungua seva ya Mastodon ya Waswahili wote, Afrika Mashariki nzima na diaspora. Tunahitaji nini? (Mwanza)

JIBU: Wadogo zangu nimeifurahia barua yenu kuliko zote. Seva iliyo ya Waswahili, yenye sheria zilizoandikwa kwa Kiswahili na msimamizi anayejua kwamba neno fulani ni utani Dar na ni tusi zito Mombasa, ni kitu tunachokihitaji kwelikweli. Kampuni kubwa zimeshindwa hilo kwa miaka yote, ripoti inaandikwa Kiswahili inasomwa na mashine au mtu asiyejua lugha. Sasa msianze na Waswahili wote.

Anzeni na nyie sita na marafiki zenu, usajili uwe wa kuomba na kukubaliwa, kaeni hivyo miezi. Ufundi ndo sehemu rahisi. Kama hamtaki kuhangaika na seva wenyewe kuna kampuni za kuwawekea Mastodon kwa malipo ya mwezi, mnabaki na kazi ya usimamizi tu. Kitakachowashangaza ni diski. Seva inahifadhi nakala za picha na video toka seva nyingine zote ambazo watu wenu wanawafolo, inajaa haraka mno hata mkiwa watu kumi, kwahiyo toka siku ya kwanza wekeni utaratibu wa kufuta nakala za picha za nje kila baada ya siku kadhaa, Mastodon ina amri zake za kufanya hivyo. Nakala ya hifadhidata iende kila siku mahali pengine, sio kwenye mashine ile ile.

Anwani nunueni inayoishia na kitu mnachoweza kukitegemea, na isajiliwe kwa jina la kikundi, isiwe kwa jina la mmoja wenu ambaye mkigombana anaondoka nayo. Ukishaanza na anwani hiyo huwezi kuibadilisha bila kuvunja akaunti za watu wote. Funguo za seva washike wawili angalau. Kabla hamjaandikisha watu nje ya marafiki, mtafuteni mwanasheria mmoja mumuulize kuhusu leseni za maudhui ya mtandaoni, maana mkiwa Mwanza mnaendesha jukwaa la watu wengine nyie ndo mtakaoulizwa kilichoandikwa humo.

Usimamizi pangeni zamu kwa saa. Mswahili wa Muscat anaamka nyie bado mmelala na wa Toronto anaanza kuchat nyie mnaingia kulala, ripoti ya usiku ikikaa mpaka asubuhi mtu ameshaumizwa. Gharama ziwekeni wazi kwenye ukurasa wa seva kila mwezi, tumelipa kiasi gani, tumechangiwa kiasi gani, na kama zikiwashinda semeni miezi mitatu kabla.

Mkishafika watu kama thelathini na sheria zenu zimeandikwa, tuandikieni tena, tuzisome hizo sheria na tuichapishe anwani yenu hapa.